Nywele za mwili: Sunna ya usafi isigeuzwe kuwa adhabu



Mpenzi msomaji, mada ya leo ni ya ndani kidogo. Naomba mama aisome kwanza, kisha awape binti zake waliobaleghe, na jioni baba alikute gazeti mezani, kwani naye ana fungu lake humu. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao. Basi nasi tusione haya kusoma.

Nianze na bi harusi mmoja. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na huyu aliletwa zahanati na shangazi yake siku ya nne baada ya nikaha, akitembea kwa tabu. Siku moja kabla ya harusi alipelekwa kwa mwanamke anayetoa nywele kwa sukari iliyochemshwa na ndimu, ile inayoitwa halawa. Sukari haikuachwa ipoe vya kutosha. Ngozi ya kinena ikatoka pamoja na nywele, naye kwa siku zote hizo alikuwa akipaka poda juu ya kidonda kibichi ili kisilowe.

Kidonda kilipona. Kilichonisumbua ni jambo jingine. Usiku wa kwanza alimwambia mumewe kwamba yumo katika hedhi. Kufika usiku wa tatu kijana wa watu alishaanza kujiuliza kama ameozeshwa mke asiyemtaka, na wazee wa pande mbili walishaanza kupigiana simu. Nilipomuuliza yule binti kwa nini hakumwambia mwenzake kwamba ameungua, alijibu kwa sauti ya chini kwamba angemwambia ameungua wapi na kwa sababu gani? Aliogopa mume angejua kwamba kabla ya hapo alikuwa "mchafu".

Neno hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Binti anaoga mara mbili kwa siku, anatawadha mara tano, anajiona mchafu kwa sababu ana nywele mahali ambapo Mwenyezi Mungu amewaotesha wanawake wote duniani.

Dini imetutaka nini?

Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo matano ya fitra, na ndani yake mna kunyoa nywele za kinena na kunyonyoa nywele za kwapa. Sahaba Anas bin Malik (R.A.) naye amesimulia, katika Sahihi Muslim, kwamba waliwekewa muda wasiyaache mambo hayo yapite siku arobaini. Huo ni mpaka wa mwisho. Si ratiba ya kila siku tatu kama wanavyofundishana mabinti siku hizi. Mtu aangalie nywele zake zinavyokua. Wengine kila wiki, wengine kila wiki mbili au tatu, mradi asipitishe arobaini.

Na hukumu hiyo ni ya mwanamume na mwanamke sawasawa. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona nyumba ambazo mke analaumiwa kwa wiki mbili, na bwana mwenyewe makwapa yake hayajaguswa tangu Idi iliyopita.

Je, ni lazima nywele ziondolewe kwa njia fulani inayouma? Sivyo. Asili ya sunna kwa kwapa ni kunyonyoa na kwa kinena ni kunyoa, lakini wanavyuoni wamesema kwamba lengo ni usafi, na mwenye kutumia njia nyingine ameupata. Imam Nawawi amenukuu kisa cha Imam Shafi'i mwenyewe, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu. Alikutwa akinyolewa makwapa na kinyozi, akasema kwamba anajua sunna ni kunyonyoa ila maumivu yake hayawezi. Ikiwa Imam Shafi'i alikubali kuwa yanauma, wewe dada yangu unajilazimisha kwa ajili ya nani?

Hata dawa za kunyolea si jambo jipya. Katika mahamamu ya zamani ya nchi za Kiislamu watu walitumia nura, mchanganyiko wa chokaa na zarnikh, madini yenye sumu ya aseniki. Wanavyuoni waliijadili na kuiruhusu. Krimu za leo hazina aseniki, lakini zinafanana na nura katika jambo moja, kwamba ni kemikali kali inayoyeyusha nywele. Nitalirudia hilo chini.

Upo upole mmoja katika sunna ambao tunausahau. Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kwamba walipokuwa wakirudi safarini na Mtume (S.A.W.), aliwataka wasikimbilie kuingia majumbani mwao, bali wangoje, ili mke ambaye nywele zake zimetimka apate kuchana, na yule ambaye mumewe alikuwa mbali apate kunyoa. Imo katika Bukhari na Muslim. Tazama ni nani aliyeamrishwa. Ni wanaume waliosimamishwa nje ya mji, wakiwa wamechoka na safari, ili wake wapate nafasi ya kujitengeneza. Hawakupewa ruhusa ya kuingia ghafla kisha kukunja uso. Na Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akisema kwamba anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake.

Ama nywele za miguu na mikono, hazikuamrishwa kuondolewa wala hazikukatazwa, na wanavyuoni wengi wameliacha jambo hilo liwe ni hiari. Nyusi ni habari nyingine, katika hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) amelaaniwa mwenye kuzinyonyoa na mwenye kunyonyolewa, basi dada zetu wa saluni waogope hilo. Lakini vinyweleo vya mwilini Waswahili wamevipa jina la malaika. Wazee waliochagua jina hilo hawakuwa wanazungumzia uchafu.

Aibu iliyonunuliwa dukani

Basi haya ya miguu na mikono imetoka wapi? Nchini Marekani, ambako mitindo mingi huanzia, kampuni ya Gillette ilikuwa ikiuza nyembe kwa wanaume. Mwaka 1915 ikatoa wembe wake wa kwanza kwa ajili ya wanawake, ukiitwa Milady Décolleté, na miaka hiyo hiyo magazeti ya mitindo yakaanza kutangaza kwamba kwapa la mwanamke lionekanalo kwenye gauni lisilo na mikono lazima liwe laini. Miguu ilifuata kadiri magauni yalivyofupishwa. Ilipofika Vita Vikuu vya Pili, soksi ndefu za nailoni zikaadimika kwa kuwa nailoni ilihitajika jeshini, wanawake wakabaki miguu wazi na wembe ukapata kazi mpya. Kwa hiyo haya ya miguu yenye malaika ina umri wa miaka mia na kitu tu, na ilianza pamoja na nguo ambazo dada wa Kiislamu hazivai barabarani.

Sina ubaya na mwanamke anayependa miguu laini kwa ajili yake na mumewe. Ninachokataa ni kuchanganya biashara na ibada. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti waliouliza wanawake 3,316 kuhusu nywele za kinena. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wanazinyoa au kuzipunguza, na walipoulizwa sababu, asilimia 59 walisema ni usafi. Madaktari hao hawakufurahishwa na jibu, kwani kitabibu nywele hizo si uchafu. Hupunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi na kuikinga sehemu laini.

Utaniuliza, mbona basi sisi tunaamrishwa kuziondoa? Kwa sababu zikiwa ndefu hushika jasho, harufu na damu ya hedhi, hasa katika joto letu, na zikiwa fupi kuosha kunakuwa rahisi. Huo ni usafi wa kawaida ambao kila mtu anauelewa. Lakini unywele wenyewe si najisi. Mwanamke ambaye wiki hii hajanyoa, sala yake inasihi, mwili wake ni tohara, na hana cha kumwomba mumewe radhi.

Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2017, uliwauliza wanaume na wanawake wanaonyoa kinena kama wamewahi kuumia. Takriban robo yao walisema ndiyo, wengi kwa kukatwa, wengine kwa kuungua na vipele. Na hao wana maji ya bomba ya moto na taa bafuni.

Sasa tufanyeje?

Nywele zetu sisi Waafrika zimejikunja. Unywele uliojikunja ukikatwa chini sana au ukinyofolewa, ncha yake hurudi kuchoma ngozi au huota kwa ndani. Ndipo unapoona vipele vigumu, vyeusi, vingine vyenye usaha, siku mbili tatu baada ya kunyoa. Watu hudhani ni ugonjwa wa zinaa, na nimeshuhudia ugomvi mkubwa wa ndoa uliosababishwa na vipele vya wembe. Kwa hiyo usitafute ulaini wa kioo. Anza kwa kupunguza kwa mkasi, halafu oga maji ya uvuguvugu nywele zilainike, paka povu la sabuni, tumia wembe mpya na unyoe kuelekea upande nywele zinakolala. Usiivute ngozi wala usirudie rudie mahali pamoja. Suuza, kausha, vaa nguo ya ndani ya pamba isiyobana, na manukato yangoje hadi kesho yake. Kipele kikitokea usikichokonoe kwa pini. Pumzisha wembe mpaka kitulie. Kikivimba, kikawa cha moto au ukapata homa, nenda hospitali, usingoje Ijumaa ipite.

Wembe ni wa mtu mmoja. Mama na binti wasichangie, mke na mume wasichangie, na mashoga wanaojiandaa kwa harusi ndiyo kabisa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. Njia hiyo hiyo inapitisha homa ya ini aina ya C na inaweza kupitisha virusi vya Ukimwi. Wembe uliotumika ufungwe kwenye karatasi ngumu kabla ya kutupwa, ili mtoto au mzoa taka asikatwe.

Mwenye kutumia krimu asome maandishi ya kwenye boksi kuhusu dakika na asizidishe hata moja. Ajaribu kwanza kidogo kwenye mkono na kungoja siku nzima. Krimu inayeyusha unywele, na ngozi imejengwa kwa mali ghafi ya namna hiyo hiyo. Ikikaa sana, inahamia kwenye ngozi. Ipakwe kinenani juu tu, isiguse sehemu za ndani. Halawa nayo ipimwe joto kwenye kifundo cha mkono kila mara, na asiitumie mwenye kidonda. Mwenye kisukari namshauri abaki na mkasi au mashine ya kupunguzia, kwani jeraha dogo kwake huchelewa kupona.

Kuhusu kwenda kutolewa nywele za kinena na mtu mwingine, hapa nasema wazi hata kama wenye saluni watanichukia. Wanavyuoni wengi wamesema uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke mwenzake ni kati ya kitovu na magoti, nao haufunuliwi ila kwa dharura kama matibabu. Harusi si matibabu. Makungwi na masomo wetu wana kazi kubwa na nzuri, ya singo, liwa, hina na mafunzo ya kukaa na mume, lakini hili wamfundishe mwari kwa maneno akalifanye mwenyewe bafuni, na alifanye wiki moja kabla ili kama kuna kipele kiwe kimetulia. Na wasimpe ndimu, shabu wala sabuni ya manukato ajioshee ndani. Uke unajisafisha wenyewe. Kuuosha ndani huwaua wale vijidudu wema wanaoulinda, kisha zinakuja harufu na muwasho ambavyo binti alikuwa anavikimbia.

Mama wajawazito nao wana fungu lao. Tumbo likiwa kubwa huwezi kuona unachonyoa. Nimepata kumpokea mama uchungu umeshapamba moto, na kumbe saa mbili nzima alikuwa nyumbani akisubiri wifi yake aje kumnyoa, kwa kuogopa kwamba manesi watamcheka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limeshauri mama asinyolewe kama desturi kabla ya kujifungua kwa njia ya kawaida, kwa sababu hakuna faida iliyoonekana. Mkunga anayecheka nywele za mzazi ndiye mwenye kasoro. Uchungu ukianza, chukua kanga zako uende.

Ndevu za mwanamke

Dada mmoja alinieleza kwamba kwa miaka sita huamka kabla ya adhana ya Alfajiri, si kwa tahajjud, bali anyoe kidevu kabla mumewe hajawasha taa. Hajapata mtoto. Amemeza dawa nyingi za mitishamba za kuzaa, na hakuna hata mganga mmoja aliyemwambia kwamba kile kidevu na ile hedhi inayokuja mara nne kwa mwaka ni habari moja.

Kwanza hukumu. Imam Nawawi amesema mwanamke akiota ndevu au masharubu, si haramu kuziondoa, bali inapendeza aziondoe. At-Tabari alikuwa na rai nyingine, lakini wengi wameifuata rai ya Nawawi. Hilo halimo katika lile katazo la nyusi.

Pili, wembe hauzifanyi ziwe nene. Mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alilipima jambo hilo akachapisha mwaka 1928, akakuta kunyoa hakubadilishi unene wala kasi ya nywele kukua. Unaona ngumu kwa kuwa unywele uliokatwa una ncha butu, basi.

Lakini ndevu zilizokuja zenyewe ukubwani, nyingi na nyeusi, ni dalili ya kupimwa. Sababu kubwa ni ile hali ya homoni ambayo madaktari huiita kwa kifupi PCOS, inayompata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Hedhi hukaa miezi isije, chunusi haziishi, wengine hunenepa tumboni na shingo kufanya weusi, na mimba huchelewa. Ikiachwa inamsogeza mtu karibu na kisukari. Inatibika kwa kiasi kikubwa. Wapo waliopata watoto kwa kupunguza uzito na dawa za vidonge. Na ikiwa ndevu zimekuja ghafla kwa miezi michache, sauti ikawa nzito, usingoje kabisa, kwani mara chache huwa ni uvimbe.

Sababu nyingine mtu hujiletea mwenyewe. Krimu nyingi za mkorogo zina dawa za jamii ya steroidi, na dawa hizo zikipakwa usoni kwa miezi huotesha malaika mengi na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Dada anajichubua apendeze, anaota nywele, ananyoa, wembe unaikata ile ngozi nyembamba, anaongeza mkorogo kufuta makovu. Akiacha aache kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa kuikatisha ghafla nako kunaweza kuuwasha uso.

Na wewe baba, najua umefika hapa. Yule mume wa dada wa Alfajiri alikuwa anajua siku zote. Alikaa kimya kwa kudhani anamsitiri, na mke akadhani kimya kile ni kwa kuwa hajaona. Siku aliyosema, "Mke wangu, nimeona, twende pamoja kwa daktari," ndiyo siku ya kwanza katika miaka sita yule dada kulala mpaka adhana. Sikutunga, alinihadithia mwenyewe akicheka.

Mwenye tatizo kama hilo aandike tarehe za hedhi zake za miezi mitatu iliyopita kwenye karatasi, aandike na majina ya krimu zote anazopaka, hata ile asiyotaka ijulikane, aende nazo kwa daktari wa wanawake. Ataulizwa kuhusu sukari katika ukoo, atapimwa homoni kwa damu na vifuko vya mayai kwa kipimo cha picha cha juu ya tumbo. Kwa ambaye hajaolewa, amweleze daktari mapema kwamba ni bikira, na kipimo hicho hufanywa kwa juu tu. Siku ya kwenda asinyoe kidevu. Daktari anahitaji kukiona.